Suria wa riwaya yako hawezi kukimbilia uhuru Dar es Salaam

*"Mwalimu, shikamoo. Nipo Mbagala, naandika riwaya yangu ya kwanza. Shujaa wangu ni binti wa Kinyamwezi. Mwaka 1875 Waarabu wanamkamata kijijini kwao, wanamtembeza kwa minyororo na pembe ya ndovu begani hadi Bagamoyo, anauzwa soko la Mkunazini, Unguja. Tajiri anamfanya suria, anamzalia mtoto wa kiume. Mwishoni anatoroka na mwanawe kwa ngalawa hadi Dar es Salaam, anakuwa huru. Rafiki aliyesoma mswada anasema ameupenda lakini 'hauaminiki', na hawezi kueleza kwa nini. Nimekosea wapi? Na jingine: marehemu bibi yangu wa Kilwa alikuwa akisema, 'Mama hakuja Kilwa, aliletwa.' Nataka mama huyo awemo kitabuni, lakini wazee wakiulizwa wananyamaza. Nifanyeje? Mswada nimeuambatanisha."*

Marahaba, dada. Salamu uliyoanza nayo tayari imo ndani ya somo lako. Wanaisimu wengi huirudisha "shikamoo" kwenye "nashika miguu yako", na katika pwani ya karne ya 19 ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana. Leo mtoto wa yeyote humwamkia mkubwa yeyote kwa neno hilohilo. Ukiiweka kinywani mwa shujaa wako, tuonyeshe mgongo wake umeinama kiasi gani na macho yake yako wapi, maana msomaji wa leo atasikia adabu pale ambapo yeye alisikia unyonge.

Rafiki yako ana haki, na kasoro aliyoihisi haiko kwenye lugha yako. Katika mswada wako mambo yanamshukia binti kama mvua, bila kanuni. Utumwa wa pwani ulikuwa na kanuni zake, katili kweli, lakini kila mtu alizijua, na mtumwa alizijua kuliko bwana kwa sababu maisha yake yalizitegemea. Ukishazijua wewe, utaona kwamba binti wako ana mambo mengi zaidi ya kuamua kuliko ulivyomruhusu.

Nianze na tarehe, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi. Soko la Mkunazini lilifungwa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, waliotishia kuizingira Unguja kwa meli za kivita. Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa la Anglikana likawekwa palepale sokoni. Kwa hiyo mwaka 1875 hakuna aliyeuzwa pale. Lakini usidhani biashara ilikufa. Mkataba ulikataza kuwasafirisha watumwa baharini na kuwauza sokoni. Haukumgusa mtumwa aliyekwisha kuwa shambani au jikoni kwa bwana wake. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu. Misafara ilitoka Kilwa kwa miguu kuelekea kaskazini, ikapita nyuma ya Dar es Salaam, ikafika Pangani, na kutoka huko watu walivushwa kwa siri hadi Pemba. Pemba ilihitaji mikono kwa sababu kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba karibu salama. Naibu balozi wa Uingereza, Frederic Elton, aliposafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, alikutana na misafara hiyo njiani. Barghash alikuja kuipiga marufuku mwaka 1876.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha hadithi nyuma hadi kabla ya Juni 1873 ili ubaki na tukio la soko. Ya pili ni kubaki na 1875 na kumpitisha binti kwenye njia ya siri. Mimi ningechagua ya pili. Tukio la mnada limeandikwa mara nyingi mno, na mwandishi hujikuta anarudia picha za wasafiri wa Ulaya waliokwenda pale kutazama. Njia ya nchi kavu inakupa kitu ambacho wasomaji wa Mbagala hawajakisoma: watu wakipitishwa kwa miguu katika nchi iliyo nyuma ya mitaa wanayoishi leo, mwaka ambao karatasi za mabalozi zilisema biashara imekwisha.

Sasa kuhusu pembe na Bagamoyo. Hapa umechanganya watu wawili tofauti. Wanyamwezi wengi waliobeba pembe hadi Bagamoyo walikuwa wapagazi huru, wanaume na baadhi ya wanawake, waliofanya kazi kwa ujira, waligoma walipopunjwa na walijivunia safari zao. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32. Bagamoyo watumwa walipita, ndiyo, lakini bandari kuu ya watumwa upande wetu ilikuwa Kilwa Kivinje, na wengi wao walitoka kusini, maeneo ya Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao. Ukimfanya binti wako Myao au Mnyasa, njia ya Kilwa inakaa sawa bila kulazimishwa. Tena unamkaribia mama wa bibi yako, na nadhani ndiye aliyekufanya uanze kuandika.

Kuhusu waliomkamata, nitasema wazi kwa sababu hapa waandishi huogopa. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, ndio walionunua, na soko lao ndilo lililoivuta biashara yote. Lawama hiyo haipungui hata chembe. Ila mara nyingi mkono wa kwanza kumshika binti haukuwa wao. Watu walipotea katika vita vya machifu. Wengine waliibwa njiani au kisimani. Wengine waliwekwa rehani na jamaa zao kwa deni au kwa njaa, na rehani isipokombolewa mtu huyo huuzwa. Na wanawake ndio walioshikwa kwa wepesi zaidi, kwa sababu mke aliyeolewa mbali na kwao, mjane, au binti asiye na wajomba karibu, hakuwa na wa kumdai. Fikiria binti wako amewekwa rehani na mjomba aliyeshindwa kulipa pishi za nafaka. Sura ya kwanza inabadilika yote: tangu siku hiyo swali lake litakuwa "mimi ni wa nani?", na swali hilo lina uzito kuliko minyororo.

Hilo ndilo ningependa ulishike kuliko jingine lolote katika barua hii. Katika ulimwengu ule, kinyume cha mtumwa kilikuwa mwungwana, mtu mwenye watu wake, mwenye ukoo wa kumsemea. Neno "huru" lilimaanisha mtumwa aliyeachiliwa na bwana wake. Maana ya nchi kujitawala ilikuja baadaye sana. Kwa hiyo mwanamke aliyekimbia tu, bila mahali pa kuegemea, alikuwa amejiweka tayari kukamatwa na mwingine. Wanawake waliopigania uhuru walikuwa wakitafuta watu: mume, mlinzi, kijiji cha watoro, misheni, au hata bwana mwingine mwenye nafuu. Kila mlango ulikuwa na bei yake.

Tuuangalie mlango wa usuria, maana ndio uliouchagua. Suria ni mjakazi, yaani mtumwa wa kike, ambaye bwana wake mwenyewe amemchukua kitandani. Mjakazi wa mke si halali kwa mume, na jambo hilo peke yake linaweza kukupa sura nzima ya ugomvi ndani ya nyumba. Hakuombwa ridhaa, na sheria haikuihitaji. Tafadhali usiandike mahaba pale. Lakini akizaa, na bwana akamkubali mtoto, mtoto huyo ni huru tangu kuzaliwa na anarithi sawa na watoto wa wake wa ndoa. Kwa madhehebu ya Shafii, mama hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alikuwa mtoto wa Sultani Said na suria wa Kicherkesi, kutoka Kaukazi, aitwaye Jilfidan. Mama alinunuliwa, binti akawa wa kifalme, na katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 binti huyohuyo aliutetea utumwa. Linganisha sasa na mjakazi aliyeozwa kwa mtumwa mwenzake: watoto wake ni mali ya mwenye mama. Hali ya mama ndiyo iliyomfuata mtoto, isipokuwa baba awe bwana mwenyewe.

Unaona tatizo la mwisho wa riwaya yako? Binti wako amezaa mtoto wa kiume aliyekubaliwa na baba yake. Mtoto ni mwungwana, mrithi wa mashamba. Akitoroka naye anampokonya jina, urithi na ukoo, na kumfanya mtoto wa mtoro. Mwanamke wa 1875 angelijua hilo barabara. Kwa hiyo ama abaki, na tuone bei ya kubaki, ama aondoke bila mtoto, ama bwana amkane mtoto tangu kuzaliwa na hapo ndipo akimbie. Hili la tatu ndilo ninaloliona na nguvu. Kumkana kunamtia mtoto utumwani kwa neno moja la mwanamume, mbele ya mashahidi, naye mama amesimama pembeni na hana haki ya kusema. Kwa upande wa mirathi, wenye mashamba wengi wa Unguja walikuwa wa madhehebu ya Ibadhi na watu wengi wa pwani ni Shafii, na taratibu za suria aliyezaa hazilingani katika kila kipengele. Kwa sura hiyo usitegemee kusoma peke yako. Kaa ana kwa ana na sheikh mjuzi wa mirathi, mpe kisa chako chote, umwombe akuhukumie kama kadhi wa wakati ule.

Na Dar es Salaam? Mwaka 1875 ulikuwa mji wa Sultani kama Unguja. Sultani Majid aliuanza miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafa mwaka 1870, na Barghash hakuuendeleza; majengo mengine yalianza kubomoka. Sheria ya utumwa ilikuwa ileile, na mashamba ya kuzunguka mji yalilimwa na watumwa. Wajerumani walipoingia mwaka 1887 nao hawakuufuta. Walitoa hati za uhuru kwa mmoja mmoja, mwaka 1901 wakampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha, na kwa amri ya 1904 watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wakahesabiwa huru. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Unguja na Pemba ulifutwa tarehe 6 Aprili 1897, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na masuria wakaachwa nje kwa hoja kwamba ni kama wake. Walingoja hadi 1909. Miaka hiyo 12 hainitoki akilini: mpagazi wa mawe anapata karatasi yake, na mama wa watoto wa bwana anaambiwa arudi nyumbani.

Kama lazima akimbie mwaka 1875 au 1876, mpeleke kwingine. Bandarini Unguja kulikuwa na meli ya kivita ya Uingereza, HMS London, iliyowekwa pale kuanzia 1874 kukamata majahazi ya watumwa. Waliokutwa majini walihesabiwa huru, na wengi walikabidhiwa misheni. Hivyo akikamatwa *baharini*, kwenye safari haramu, ana bahati. Akiwa nchi kavu Unguja hana. Mbweni, nje ya mji, Waanglikana walikuwa na makazi ya waliokombolewa na shule ya wasichana. Mwaka 1876 baadhi ya watu wazima walipelekwa Masasi. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa na kijiji cha uhuru tangu 1868. Lakini usiifanye misheni kuwa pepo. Kulikuwa na kengele, kazi za shamba, dini mpya, na vijana waliozwa kwa mpango wa mapadri. Mwanamke aliyetoka kwa bwana aliweza kukuta tena mtu mwingine akimchagulia mume.

Mlango usiopendwa na waandishi ni ule wa kujikomboa kidogokidogo. Mjini Unguja wajakazi walikodishwa kubeba mawe na chokaa za ujenzi au kusafisha sandarusi, utomvu mgumu wa mti, kwenye maghala ya wafanyabiashara. Hao ndio vibarua, neno linalotokana na "barua". Sehemu ya ijara ilikwenda kwa bwana, iliyobaki ilikuwa yao. Shambani, Alhamisi na Ijumaa kwa desturi zilikuwa siku za mtumwa kulima kishamba chake. Mwanamke aliyeuza muhogo wake wa Alhamisi na kuficha pesa kwenye chungu kilichofukiwa anapigana vita vilevile, kwa mwendo wa polepole, na msomaji anaweza kuhesabu naye.

Kabla hujarudi kwenye mswada, kuna vitu vidogo vinavyoangusha riwaya nyingi. Usimvishe kanga. Mwaka 1875 mjakazi alivaa kaniki, yaani kitambaa cha marekani kilichotiwa nili hadi kikawa cheusi cha kibuluu. Kaniki mpya ilichuja, na jasho la siku ya kwanza liliacha rangi mabegani. Kanga zilienea miaka ya mwisho ya karne ile, na maandishi juu yake yalikuja baadaye, kwa hiyo ile sehemu anayomtumia mwenzake ujumbe kwa jina la kanga italazimika kutoka. Asiseme "hela", kwa sababu neno limetokana na heller, sarafu za Wajerumani zilizoanza mwaka 1904. Asiseme "shilingi" wala "shule" pia. Mpe riyali, rupia na pesa, na mpe chuo cha Kurani.

Msimu wa karafuu, kazi haikuisha jua linapozama. Vitumba vya karafuu vilivyochumwa mchana, vikiwa vimeanza kuona wekundu kabla ya kufunguka, vilichambuliwa jioni kutoka kwenye makonyo, yaani vijiti vyake, kimoja kimoja, vidole vikinata kwa mafuta. Vilianikwa majamvini siku kadhaa na kugeuzwageuzwa; mvua ikivikuta, vinavunda na rangi inaharibika. Weka wanawake watano kwenye jamvi hilo, wajoli, yaani watumwa wenza, wa bwana mmoja, usiku wa mawingu. Mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa Unguja, anamcheka mgeni kwa Kiswahili chake kibovu. Mawingu yanazidi. Nani anaamshwa kwanza kukunja majamvi? Hapo utakuwa umeeleza ngazi zote za utumwa bila kutoa mhadhara.

Angalia na majina. Mtumwa mpya alipewa jina na bwana, mara nyingi la heri, la kito au la manukato: Faida, Bahati, Zafarani. Usilitumie jina la kwao na la pwani ovyo ovyo. Amua nani anamwita nini na lini. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kama mwaka 1880 na kuwa sauti kubwa ya taarab, jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Fikiria mama anamwita mtoto wake jikoni kwa jina hilo.

Kuhusu mateso, mswada wako una viboko vingi, na vinafanana. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kila tukio la ukatili lioneshe jambo moja jipya analolijua binti baada yake. Kisa cha Swema kinafundisha. Alikuwa msichana wa Kiyao. Njiani mama yake, aliyejitia katika msafara ili asitengane naye, aliachwa nyuma afe. Unguja, mwaka 1865, Swema mwenyewe alizikwa akiwa hai kwa kuwa alionekana hana faida tena, akaokolewa na kupelekwa misheni. Kinachomshika msomaji ni mama anayebeba mzigo usio wake ili abaki karibu na mtoto. Ila kumbuka kwamba maneno yake yametufikia kupitia kalamu ya padri, yakiwa na sala za padri ndani yake. Karibu sauti zote za wanawake hawa zimepita mkononi mwa mmishonari, hakimu au balozi. Soma, kisha jiulize aliyekuwa akiandika alitaka kusikia nini.

Nimalizie na mama wa bibi yako. Kama bibi alizaliwa miaka ya 1920, mama yake aliyeletwa Kilwa alikuwa hai wakati utumwa ungali halali kisheria, kwa hiyo kauli ile yawezekana kabisa kuwa kumbukumbu ya kweli. Wazee wananyamaza kwa sababu asili hiyo bado inatumiwa kumshusha mtu kwenye posa, kwenye mirathi na kwenye ugomvi wa viwanja. Usiwaulize "alikuwa mtumwa?" Nenda Kilwa, ukae nao zaidi ya siku moja, uulize alivaa nini, alipika nini, alizungumza lugha gani akiwa na hasira, nani alimwozesha, amezikwa upande gani wa makaburi na karibu na nani. Aliyemwozesha ni swali kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa asiye na ukoo huozwa na bwana au na aliyemkomboa. Uliza pia kama kuna karatasi za zamani sandukuni. Hati za uhuru za Wajerumani, Freibrief, zilikuwa za kushikika, na familia nyingine huzitunza bila kujua zinasema nini. Ukiipata usiikunjue kwa nguvu wala usiipitishe plastiki ya moto. Ipige picha, kisha ipeleke kwa wahifadhi wa Nyaraka za Taifa, Upanga. Hapo pia kuna majalada ya Wajerumani, ila mwandiko wao wa mkono ni wa mtindo wa zamani na hata anayejua Kijerumani cha leo hukwama, kwa hiyo tafuta anayeuzoea kabla hujapoteza wiki. Kwa upande wa Unguja, mlango wako ni Taasisi ya Nyaraka, Kilimani. Kwa desturi za pwani kwa Kiswahili cha wakati ule, omba maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yaliyochapishwa mwaka 1903. Ana sura juu ya watumwa.

Na kabla ya kuchapisha, msomee mzee mmoja wa ukoo kurasa zinazomhusu mama huyo, kwa sauti, nyumbani kwake. Akikuomba ubadilishe jina la kijiji au la bwana, badilisha, riwaya haitapungukiwa. Akikuomba umfanye mwungwana, usikubali papo hapo. Muulize ni nani ataumia akibaki kama alivyokuwa, na umsikilize hadi amalize.